Shtaka la Miaka 37: C. S. Lewis Tusiyemsoma

Mwezi Machi 1919 kampuni ya William Heinemann ya London ilichapisha kitabu chembamba cha mashairi 40 kiitwacho Spirits in Bondage, jina ambalo naweza kulifasiri kuwa Roho Kifungoni. Mtunzi aliyetajwa ni Clive Hamilton. Mtu wa jina hilo hakuwapo. Clive ni jina la kwanza la kijana wa miaka 20 aliyezaliwa Belfast, Hamilton ni jina la ukoo wa mama yake, na kijana mwenyewe ndiye tunayemfahamu leo kwa jina la C. S. Lewis.

Wakristo wengi niliokutana nao wanamjua Lewis mmoja tu. Ni yule aliyezungumza katika redio ya BBC wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, akaieleza imani kwa hoja zilizonyooka kama uzi wa fundi mwashi. Yule aliyeandika barua za pepo mzee kwa mpwa wake. Na yule wa vitabu saba vya Narnia vilivyotoka kati ya 1950 na 1956. Katika vikundi vya kujifunza Biblia nimesikia maneno yake yakinukuliwa ili kumaliza ubishi. Sina ugomvi na Lewis huyo, kwa kuwa amenisaidia. Lakini kwa muda mrefu nilipewa majibu yake bila kuonyeshwa maswali aliyoanza nayo, na maswali hayo yamo katika vitabu ambavyo karibu hakuna anayevitaja: mashairi ya ujana wake, utenzi mmoja mrefu, na riwaya moja aliyoiandika akiwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu.

Shairi lililonifungulia mlango wa vitabu hivyo linaitwa “De Profundis”. Hayo ni maneno ya Kilatini yanayofungua Zaburi ya 130, ile ambayo Biblia yetu inaianza kwa “Ee Bwana, toka vilindini nimekulilia”. Msomaji anayeijua zaburi hiyo anatarajia sala. Mstari wa kwanza wa shairi unasema: njooni tumlaani Bwana wetu kabla hatujafa. Mwangwi wake si wa mtunga zaburi bali wa mke wa Ayubu, aliyemwambia mumewe pale kwenye majivu, “Umkufuru Mungu, ukafe.” Ayubu alimkemea mkewe. Lewis wa mwaka 1919 alilichukua shauri lake na kulitungia vina.

Nililisoma shairi hilo kwenye simu, usiku, miezi minne baada ya kumzika mdogo wangu. Kitabu kinapatikana bure kwenye intaneti. Siku za msiba nyumba ilijaa watu, na kila aliyenishika mkono alisema neno lile lile ambalo hata mimi nimewaambia wengine kwa nia njema: kazi ya Mungu haina makosa. Shangazi yangu, mwanamke anayenipenda kwa moyo wote, aliponikuta nyuma ya jiko nikilia kwa sauti alinifuta uso kwa kanga yake akasema, “Usilie hivyo, mwanangu, utamkufuru Mungu.” Nikanyamaza. Nilinyamaza kwa miezi minne. Ndipo nikakutana na kijana huyu aliyeumia vitani, ambaye hakunyamaza, na ambaye nilikuwa najua alikuja kuwa nani baadaye.

Shairi lina beti za mistari mitatu mitatu, na mistari yote ya ubeti hubeba kina kimoja. Kwa lugha ya malenga wetu ni tathlitha. Kwa sababu hiyo nilijaribu kuutia ubeti wa kwanza katika mizani yetu ya nane kwa nane. Vina vya kati vimenishinda, lakini maana imebaki:

Tumlani Bwana wetu, kabla hatujaondoka,
Matumaini ni gofu, lisilo wa kuezeka,
Wema umekwisha kufa, juu laana yafika.

Mkono wangu ulisita pale penye neno Bwana. Kiingereza cha Lewis kinatumia neno linalomfaa mwenye watumwa au mwalimu mwenye fimbo, na mahali pengine katika shairi hilo hilo kinatumia lile la ibada, wakati Kiswahili hutumia neno moja kwa yote mawili. Bwana ni mwenye shamba, ni mume, ni yule tunayemwimbia Jumapili. Kwa hiyo shairi likiwa katika Kiswahili linakuwa kali kuliko lilivyo kwa Kiingereza, kwa kuwa msomaji hana neno la pembeni la kujificha. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu kabla ya kuliandika.

Kinachonigusa zaidi ni kwamba shairi halikanushi kuwapo kwa Mungu mwema. Katika beti za katikati Lewis anasema kwamba labda lile tumaini la kale la Mungu mwenye haki si ndoto, lakini Mungu huyo yuko mbali mno na usiku wetu, anatembea katika vilindi vya nuru isiyo na mwisho akijiimbia peke yake, na kinachofika katika vyumba vyetu vya gereza ni mwangwi wa wimbo wake uliochoka njiani. Aliye karibu ni mwingine, mwenye nguvu zote na asiye na huruma, na huyo ndiye mtunzi anayekataa kumsujudia. Ni mafundisho mabaya, bila shaka, lakini yanaeleza kwa usahihi unaotisha jinsi mambo yanavyoonekana kwa mtu aliyefiwa: wema uko mbali ukiimba, na nguvu iko mlangoni.

Alikuwa na sababu. Mwaka 1908, akiwa na umri wa miaka tisa, mama yake Flora aliugua saratani. Mtoto akaomba apone, na hata baada ya kifo aliendelea kungoja muujiza. Baadaye akapelekwa shule za bweni Uingereza, akapoteza imani, na siku aliyotimiza miaka 19, yaani tarehe 29 Novemba 1917, alifika kwenye mahandaki ya Ufaransa akiwa ofisa wa jeshi. Tarehe 15 Aprili 1918 kombora lilianguka karibu naye, likamuua sajini aliyekuwa kando yake na kumjaza yeye vipande vya chuma, vingine vikabaki kifuani mwake hadi vilipotolewa mwaka 1944. Rafiki yake Paddy Moore alikuwa ameuawa mwezi uliotangulia. Katika tawasifu yake ya mwaka 1955 anakumbuka kwamba enzi hizo alishikilia kuwa Mungu hayupo, na papo hapo alimkasirikia Mungu kwa kutokuwapo kwake, na tena alimkasirikia kwa kuumba ulimwengu.

Shairi jingine katika kitabu hicho linahusu usiku mmoja karibu na kijiji cha Monchy-le-Preux, Ufaransa. Mahandaki yametanda pande zote, kumetulia, mwezi wa rangi ya kijani iliyopauka uko angani. Ndege ya kivita inapita ikinguruma, na kwa dakika moja inaonekana kama inaelekea moja kwa moja ndani ya mwezi, kwenye bandari fulani ya ndoto katika nchi ile nyeupe. Kisha mtunzi anajikemea. Rubani hayuko karibu na mwezi kuliko mimi niliye hapa chini, anasema, na mwezi wenyewe ni jiwe linalodaka mwanga wa jua. Mimi ni mbwa mwitu, anaendelea, na makoo yetu yanaweza kubweka kwa ajili ya kuua lakini hayawezi kuimba. Naomba msomaji alishike hilo jiwe, kwa kuwa litarudi.

Kitabu hakikuuzwa sana. Lewis hakukata tamaa, kwa sababu katika miaka hiyo hakutaka kuwa mwanatheolojia wala msomi. Alitaka kuwa mshairi, na mshairi mkubwa. Kwa miaka kadhaa alifanyia kazi utenzi uitwao Dymer, uliotoka mwaka 1926, tena kwa jina la Clive Hamilton. Una sehemu tisa, na kila ubeti una mistari saba yenye mpangilio wa vina aliourithi kutoka kwa Chaucer, mshairi wa Kiingereza wa karne ya 14. Ubeti wa kwanza ni mzuri sana: unamsemesha msomaji asiyejulikana, ukimwambia kwamba kabla macho yake hayajafika kwenye maneno haya, wakati utakuwa umekwisha kuifuta ile saa ambayo mtunzi alishika kalamu, akiwa na barabara yote mbele yake, lakini hapa, kama ni mahali popote, ndipo tunapokutana. Maneno hayo ya barabara ndiyo yaliyokuja kuwa jina la shajara zake za miaka ya 1922 hadi 1927 zilipochapishwa.

Hadithi yenyewe inamhusu kijana aliyezaliwa katika mji uliopangwa kwa ukamilifu, ambako kila saa ina ratiba na dola ndiyo inayochagua nani alale na nani na lini. Siku moja ya majira ya kuchipua yuko darasani, upepo unaingia dirishani, anacheka, anampiga mwalimu wake na kumuua, anatoka nje ya mji na kuvua nguo zote. Katika jumba moja msituni analala gizani na msichana asiyemwona uso. Kutokana na usiku ule huzaliwa dude, na mwisho wa utenzi Dymer anapambana nalo, linamuua, naye anakufa akijua ni mwanawe. Kisha dude linageuka kuwa mungu. Huku nyuma, watu wa mji wameasi na kuchinjana kwa kutumia jina lake.

Sitamshauri mtu aanze na Dymer. Una sehemu nzito kama mchanga uliolowa, na mara nyingi mtunzi anaonekana kuchagua neno kwa ajili ya kina kuliko kwa ajili ya maana, kosa ambalo sisi tuliolelewa na tungo za vina tunalitambua mara moja. Lakini kuna jambo ndani yake lisilosahaulika: kijana aliyedhani amejikomboa kwa pigo moja anagundua kwamba uhuru wake umezaa kitu, na kitu hicho kina meno. Na yule msichana gizani, asiyeonekana uso, yuko njiani kuelekea kwenye kitabu kingine.

Miaka michache baadaye alibadilika. Alikiri kwanza kwamba Mungu yupo, kisha mwezi Septemba 1931, baada ya mazungumzo ya usiku na rafiki zake J. R. R. Tolkien na Hugo Dyson katika njia ya miti ya Chuo cha Magdalen, Oxford, akarudi katika Ukristo. Mwaka 1933 ukatoka The Pilgrim's Regress, hadithi ya mafumbo aliyoiandika kwa wiki mbili nyumbani kwa rafiki yake wa utotoni huko Belfast. Hadithi yenyewe imechakaa, imejaa mabishano na shule za falsafa za wakati wake, ila mashairi yaliyotiwa ndani yake yangali hai.

Hakuacha kutunga. Alituma tungo kwenye majarida, likiwamo Punch, akizitia saini ya herufi mbili, N. W., ufupisho wa maneno ya Kiingereza cha kale yenye maana ya “sijui nani”. Wasomi wa zama hizo hawakumjali, kwa sababu alishikilia vina na mizani wakati mshairi T. S. Eliot na wenzake walikuwa wameifungulia milango tungo huru. Katika shairi moja la mwaka 1954 anaungama kwamba kwa miaka 20 amekodolea macho machweo ya jua ili aone kama yanafanana hata kidogo na mgonjwa aliyepigwa nusukaputi mezani, kama Eliot alivyodai, na hajafaulu. Anayekumbuka mabishano ya wanamapokeo, walioshikilia vina na mizani, na wanausasa, waliotetea tungo huru, katika ushairi wa Kiswahili tangu miaka ya 1970 hatahitaji kuelezwa hali hiyo ilikuwaje. Mimi mwenyewe nawapenda washairi wa pande zote mbili, na naona Lewis alikosea kuhusu Eliot. Lakini nadhani pia kwamba kule kupuuzwa kulimwacha huru kuandika mashairi madogo ambayo hayakuwa na hadhira ya kuyaogopa.

Katika hayo, mawili nayasoma mara kwa mara. La kwanza ni sala ya jioni ya mtetezi wa imani. Mtu yule yule aliyeshinda midahalo anaomba aokolewe na kushindwa kwake kote, na zaidi sana aokolewe na ushindi alioonekana kuupata; anaomba aokolewe na hoja zake za werevu, na hata na mawazo yake yote juu ya Mungu. Natamani kila anayemnukuu kumaliza ubishi angelisoma hilo kwanza. La pili, “As the Ruin Falls”, linaanza kwa kumwambia mpenzi kwamba maneno yote haya ya kukupenda ni mapambo matupu, kwa kuwa tangu nizaliwe sijawahi kuwa na wazo lisilo la kujipenda. Na linaishia kwa shukrani kwa maumivu ambayo mpenzi huyo amemletea. Yote mawili yalikusanywa katika kitabu kilichotoka mwaka 1964, mwaka mmoja baada ya kifo chake.

Hapo ndipo nilipoanza kuona mtindo fulani. Vitabu vya hoja Lewis alivitoa kwa jina lake mwenyewe, waziwazi. Alipoandika kutoka kwenye kidonda alijifunika: Clive Hamilton, N. W., na mwaka 1961, baada ya kifo cha mkewe, akatoa daftari la maombolezo kwa jina la N. W. Clerk. Ni kama mtu anayetoka barabarani uso wazi siku za kazi na kuvaa utaji siku za msiba. Kitabu kimoja tu cha kidonda alikitoa kwa jina lake tangu mwanzo, na mhusika wake mkuu ni mwanamke anayevaa utaji.

Kitabu hicho ni Till We Have Faces, yaani Mpaka Tuwe na Nyuso. Kilitoka Septemba 1956, mwezi ule ule kilipotoka kitabu cha mwisho cha Narnia. Lewis alikitolea tabaruki kwa Joy Davidman, mshairi wa Kimarekani aliyefunga naye ndoa ya kiserikali Aprili mwaka huo, na ambaye mwaka mmoja kabla yake walikaa pamoja wakipindua mawazo hadi hadithi ikasimama. Alitaka kukiita Bareface, Uso Mtupu. Mchapishaji akakataa kwa hofu kwamba wanunuzi wangedhani ni hadithi ya wachunga ng'ombe wa Marekani wenye bastola. Wahakiki hawakukipokea vizuri na hakikuuzwa. Yeye mwenyewe alikiona kuwa bora kuliko vyote alivyoandika, nami nakubaliana naye bila kusita.

Kisa chake ni cha zamani. Kilisimuliwa katika karne ya pili na Apuleius, mwandishi wa Kilatini aliyezaliwa Madauros, katika nchi inayoitwa leo Algeria. Kwa hiyo chanzo cha riwaya hii ni kalamu ya mtu wa Afrika. Psyche, binti mfalme mzuri kupita kiasi, anaolewa na mungu asiyeruhusu aonekane uso; dada zake wawili wanalitembelea jumba lake la kifahari, wanaingiwa na wivu, na kumshawishi awashe taa usiku amtazame mumewe. Lewis alikipenda kisa hicho tangu alipokuwa mwanafunzi, akajaribu kukiandika kwa mashairi katika miaka ya 1920 na kushindwa. Alichobadilisha baada ya zaidi ya miaka 30 ni kitu kimoja, na kitu hicho kimoja kimegeuza kila kingine: katika riwaya yake, dada hawezi kuliona jumba.

Dada huyo ni Orual, binti mkubwa wa mfalme wa Glome, nchi ya kubuni, mwenye sura mbaya hata baba yake anaitumia kumtukania. Anamlea mdogo wake Psyche kama mtoto wake mwenyewe, wakifundishwa wote na mtumwa wa Kigiriki waliyempa jina la Mbweha, anayewaambia kwamba miungu ya watu ni uongo wa washairi. Mungu wa kike wa nchi hiyo, Ungit, hana sanamu. Ni jiwe jeusi lililochomoza ardhini, halina uso, limepakwa damu. Njaa na tauni zinapoingia, kuhani anataka Psyche atolewe sadaka, naye anafungwa kwenye mti mlimani aachwe huko. Siku kadhaa baadaye Orual anapanda kuchukua mifupa akazike.

Ukurasa unaofuata nimeusoma mara nyingi kiasi kwamba naweza kuueleza bila kufungua kitabu. Orual anamkuta mdogo wake hai, ng'ambo ya kijito, akiwa katika matambara lakini aking'aa kwa afya. Psyche anamkaribisha kwa furaha na kumpa divai katika kikombe kizuri. Orual anaona mikono miwili iliyokingwa, yenye maji ya kijito. Wanazungumza kwa muda, hadi Orual anapouliza hilo jumba liko wapi. Psyche anamjibu kwamba amesimama kwenye ngazi zake. Yeye anaona majani tu. Hapo mvua inaanza, na kinachomuumiza Orual kupita yote ni kumwona mtoto aliyemlea analowa mbele yake na kudai kwamba yuko chini ya paa.

Mtu yeyote aliyempoteza wake anajua mahali hapo palipo. Wanakwambia yuko mahali pazuri, na wewe unaona mvua.

Usiku, Orual anapokunywa maji mtoni, ukungu unapasuka na kwa kitambo kidogo analiona jumba zima, kuta na minara, kisha linatoweka. Hatasahau, lakini pia hatakubali. Anarudi, anajichoma mkono wake mwenyewe kwa kisu mbele ya Psyche ili kumlazimisha aape kwamba atawasha taa. Psyche anawasha, kwa kuwa anampenda dada yake, na kwa kosa hilo anafukuzwa akilia aende kutangatanga duniani. Orual anajifunika uso kwa utaji ambao hatauvua mbele za watu kwa maisha yake yote. Anakuwa malkia hodari, anapigana na kushinda, anachimba migodi, anaweka vitabu, na uzeeni anaandika shtaka dhidi ya miungu: mlinipa mmoja tu wa kumpenda mkaninyang'anya, mkajificha, mkanyamaza.

Hilo ni shtaka la mwaka 1919. Ni “De Profundis” ikisemwa na mwanamke mzee mwenye taji badala ya luteni kijana, na nguvu yake haikupungua hata kidogo kwa sababu mwandishi ameokoka. Hili ndilo ninalotaka kulisema kuhusu Lewis, na ndilo lililonifanya niandike makala haya: alipopata imani hakuichoma hasira yake ya kwanza. Aliihifadhi kwa miaka 37, kisha akaipa wakili bora kuliko yeye mwenyewe na siku nzima mahakamani.

Mahakama yenyewe inakuja katika njozi. Orual anasimamishwa mbele ya umati wa wafu, anavuliwa utaji na kila alichovaa, anaamriwa asome kitabu chake. Anatazama mkononi na kukuta karatasi chakavu yenye mwandiko mbovu, wala si kile kitabu alichokiandika kwa uangalifu, na anaisoma hata hivyo. Kinachotoka si hoja juu ya haki. Ni kilio cha kusema kwamba msichana yule alikuwa wangu, wangu, na nani aliwapa ruhusa ya kumpenda? Anasoma na kurudia na kurudia hadi hakimu anasema inatosha. Kimya kinatanda. Hakimu anamwuliza kama amejibiwa. Anasema ndiyo.

Mara ya kwanza nilipofika hapo nilikasirika, nikaona Lewis amekwepa. Ilinibidi nirudie ukurasa ili nione kwamba Orual hakunyamazishwa na mtu. Aliachwa aseme mpaka akajisikia sauti yake mwenyewe, ile iliyokuwa chini ya zile zote alizozipamba kwa miaka, na kwake kujisikia huko kulikuwa jibu. Ndipo anapouliza swali lililokipa kitabu jina lake: watakutanaje nasi uso kwa uso, mpaka tuwe na nyuso? Sisi tunaosoma kwa Paulo kwamba wakati ule tutaona uso kwa uso, huwa tunafikiri tatizo ni uso wa Mungu uliofichwa. Lewis anasema tuutazame na huu wetu.

Na lile jiwe? Kabla ya njozi hiyo, Orual anakaa ndani ya hekalu la Ungit, ambamo siku hizi imewekwa pia sanamu mpya ya Kigiriki yenye sura nzuri ya mwanamke. Mama mmoja mkulima anaingia akilia, anamtoa njiwa sadaka, anaipita sanamu na kwenda moja kwa moja kwa jiwe lisilo na uso, anamwaga machozi yake yote hapo, na anapoinuka ametulia kama mtu aliyetua mzigo. Malkia anamwuliza kwa nini haombi kwa sanamu. Mama anajibu kwamba ile ni kwa ajili ya wakubwa na wasomi, haina faraja. Kijana wa Monchy-le-Preux alisema mwezi ni jiwe tu, akadhani amemaliza habari yake. Miaka 37 baadaye anampeleka mwanamke maskini kulia mbele ya jiwe, na anamwacha asikiwe.

Mdogo wangu hatarudi, na sijapata ukungu uliopasuka. Nilichopata ni ruhusa ya kuendelea na shtaka langu ndani ya nyumba ya Mungu badala ya nyuma ya jiko, kama alivyofanya Habakuki aliyeanza kitabu chake kwa kuuliza, “Ee Bwana, nilie hata lini, wewe usitake kusikia?” Shangazi nimemsimulia hadithi ya Orual jioni mbili mfululizo, tukichambua mchele. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama yule mtoto alilowa kweli au hakulowa.

Bado natafsiri vipande katika daftari lile lile lenye tathlitha yangu. Kilichonishinda kabisa ni mstari wa mwisho wa Orual. Anaandika akiwa mgonjwa, anamwambia Bwana kwamba kwa muda mrefu alimchukia, kwa muda mrefu alimwogopa, kisha anaanza sentensi nyingine na kukata roho katikati yake. Chini yake kuhani Arnom ameandika kwamba alama zilizobaki huenda zimetokana na kichwa chake kilipoangukia karatasi, na kwamba hazisomeki. Kwa Kiingereza sentensi hiyo ina maneno mawili kamili, nafsi na kitenzi kisaidizi, na kitenzi chenyewe hakikuja. Katika Kiswahili hayo mawili hayawezi kusimama bila kitenzi, kwa hiyo nikitaka kuwa mwaminifu lazima nimwache malkia akatize neno lenyewe. Daftari langu linaishia hivi:

Ninge—